Geti la Makaburi ya Kigombe

Bi Turkiya aliukataa uji, akataka aegemezwe mito. Mwanawe Muntasir na bintiye Huwaida waliketi mkekani, chumbani mwake kule Mabawa. Pumzi zilikuwa zinamwishia, hasira bado.

"Nisikilizeni, wanangu, wala asinikatize mtu. Babu yenu Mohsin alipofyeka kile kichaka cha Kigombe hapakuwa na kaburi hata moja. La kwanza lilikuwa la mama yangu, Ghadir, aliyefariki siku aliyonizaa. Nani alinichukua? Mke wa jirani, jina lake Kijakazi. Alikuwa akimnyonyesha Hafsa wake, akanipa mimi titi la pili. Kijakazi alipokufa, baba alishika jembe mwenyewe, akamchimbia ubavuni mwa mama, akasema hapa watalala watoto wa wote wawili mpaka kiyama. Leo wewe, Muntasir, umejenga ukuta, ukatia geti na kufuli! Hafsa, dada yangu wa kunyonya, kaletwa na jeneza lake, mwanawe Uweso kakupigia magoti, ukamwambia nini?"

"Mama, nilisema yale ni makaburi ya ukoo..."

"Ukoo gani? Maziwa yale si ukoo? Umemrudisha maiti juani, kaenda kuzikwa Usagara kwenye makaburi ya watu wote, na mimi mkanificha hapa kitandani, nikaja kusikia jana kwa majirani! Umeniaibisha, Muntasir. Umemwaibisha babu yako na yumo kaburini."

Kikohozi kikamshika. Huwaida akamfuta midomo.

"Ndani ya geti lako silali. Nizikeni Usagara, karibu na Hafsa. Geti ling'oeni, na Uweso na wanawe wazikwe Kigombe kama wenzao. Huwaida, radhi zangu unazo, Mungu akufungulie kila mlango. Muntasir..." Akatweta kwa muda. "Ng'oa kwanza. Ukishaling'oa... radhi... utazikuta."

Asubuhi yake akafariki.

Kabla sanda haijakatwa, Muntasir alikuwa Kigombe na mtaimbo mkononi, akiling'oa geti. Alasiri, kule Usagara, alipotakiwa ashuke kaburini kumpokea mama yake, aligeuka akamtafuta Uweso, aliyesimama nyuma kabisa ya watu.

"Shuka nami, ndugu yangu. Ni mama yako mdogo huyu."

Uweso alimkazia macho. Kisha akavua viatu, akashuka.