Pointi Hamsini na Tano za Marehemu Eleuterio Mordán

Ndugu waombolezaji, marehemu Eleuterio Mordán alizaliwa tarehe 20 Februari 1964 hapa mjini Consuelo, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Fermín, mkata miwa, na mama Eufemia, mfuaji nguo, na wa pili ni Radhamés, ambaye ndiye familia imemtuma asome historia hii.

Alianza shule mwaka 1971, akaiacha mwaka 1979 akiwa darasa la nane, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulikwisha kupata sifa viwanjani, na tarehe 10 Oktoba 1986 timu ya besiboli ya mji ikamchukua awe mrushaji wa akiba, yule anayeitwa mchezo ukiwa tayari umeharibika. Kwa misimu sita alirusha vipindi tisini, akaandikiwa pointi hamsini na tano walizopata wapinzani, yaani wastani wa tano na nusu kwa kila vipindi tisa vya mchezo mzima, ilhali mrushaji husifiwa kwa wastani mdogo, mashabiki wakambandika jina la Mlango Wazi, wakimpigia kelele, "Mlango Wazi, funga basi, wageni wamejaa!", na tarehe 2 Machi 1992 akaachishwa.

Tarehe 7 Novemba 1987 alifunga ndoa na Nurys Calcaño, wakajaliwa Yokasta, Fermín mdogo na Dilenia. Bi Nurys alisikiliza kila mchezo redioni akiandika daftarini, na daftari hilo, alilomkabidhi msomaji huyu jana akisema, "Shemeji, soma kama lilivyo, usirukeruke," linasema kwamba, kwa desturi ya mchezo wetu, mkimbiaji wa wapinzani anayeachwa kituoni huhesabiwa kwa mrushaji aliyemruhusu kufika pale, hata akiingia nyumbani na kupata pointi wakati mrushaji huyo amekwisha kwenda kuketi, na kwamba katika zile hamsini na tano, thelathini na moja ziliingia marehemu akiwa benchi, koti begani. Zilizobaki zinampa wastani wa mbili nukta nne, ambao mrushaji yeyote angejivunia. Na katika hizo thelathini na moja, ishirini na mbili ziliruhusiwa na mdogo wake Radhamés, aliyekuwa akiingia kurusha badala yake na kupokea mpira kutoka mkononi mwake, ambaye wastani wake mwenyewe ulibaki safi, akachukuliwa Marekani mwaka 1990, na aliporudi jina lake likachorwa kwenye ukuta wa heshima wa mji. Kila alipomkabidhi mpira, marehemu alimwambia, "Nimekuachia wawili, mdogo wangu, nitunzie," na wakiingia wote wawili alimpigapiga begani, wakaenda kula wali na maharage kwa mama.

Kuanzia mwaka 1992 hadi 2014 alipima miwa kwenye mizani ya kiwanda, na alitamani kitu kimoja tu, jina lake liwe ukutani kando ya la mdogo wake. Ombi lilipelekwa mara tatu, na mara ya mwisho, tarehe 14 Agosti 2019, kamati ya watu watano ililikataa kwa sababu ya ile tano na nusu. Radhamés alikuwa mmoja wa hao watano, aliijua hesabu, akanyamaza, maana angeulizwa ni nani aliyeziruhusu pointi zile. Marehemu alimwuliza kwenye meza ya domino, "Wamesemaje?", akajibiwa, "Namba ni namba, kaka," naye akateremsha jiwe lake, mchezo ukaendelea. Mwaka jana ukuta ulibomolewa kupisha barabara, hivyo kosa hili halina tena mahali pa kusahihishwa.

Marehemu aliugua figo tangu Septemba 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hadi Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, alipofariki dunia hospitalini San Pedro de Macorís.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochemsha kahawa ya tangawizi tangu Ijumaa, wenzake wa mizani, pamoja na wachezaji wa zamani waliobeba jeneza, wakiwemo waliomwita Mlango Wazi.

Pumzika, kaka. Wale ishirini na wawili ulioniachia vituoni ni wangu.