Phelista Nakhungu, Mhariri Aliyezitembea Hadithi

Baada ya miaka kumi na minne katika jarida letu la mtandaoni la hadithi fupi, Bi. Phelista Nakhungu anastaafu tarehe 31 Julai. Alianza hapa Kitale akiwa na meza moja na kompyuta ya kuazima. Anaacha hadithi zaidi ya mia tisa, za kutoka Lusaka hadi Sirisia, nyumbani kwao.

Kanuni yake ilikuwa moja: hadithi haichapishwi kabla mtu hajapakanyaga mahali inapotokea. Za karibu alizitembea mwenyewe, akisoma aya kwa aya kwenye simu. Za mbali aliwapigia wenyeji, akawatoa nje ya nyumba zao wamweleze kivuli cha jengo fulani huangukia wapi saa kumi.

Waandishi walinung'unika. Mmoja wao, Wamalwa, aliandika kuhusu mwanamke aliyebeba sufuria ya kuku kwa miguu kutoka Kabuchai hadi Sirisia, chakula kikamfikia mama mkwe kikiwa moto. Bi. Phelista alipika kuku, akaifunga sufuria kwa leso, akatembea. Alifika jioni, miguu imevimba, mchuzi umeganda. Wamalwa akaandika upya: chakula kilifika baridi, na mama mkwe akakila chote hivyo hivyo. Hakuna hadithi yetu iliyosomwa zaidi ya hiyo.

Mrithi wake, Sifuna, aliamini kwamba ramani ya simu inatosha. Kwa hiyo Bi. Phelista aliahirisha kustaafu mara mbili, akihofia kwamba kanuni ingeondoka naye na hadithi zetu zingetokea popote tu.

Mwezi Mei ililetwa hadithi ya msichana wa mtaa wa Matisi anayeamshwa na mashine ya posho, ile ya kusaga mahindi. Sifuna alitoweka asubuhi nzima. Alirudi na tope hadi magotini, akaeleza alivyochekwa na muuza mboga: "Ati mashine ya posho? Si ilihama kitambo, bana! Siku hizi tunaamshwa na jogoo ya jirani yangu Mary Ann, na hiyo tutakula Krismasi."

Hakuna aliyemtuma. Bi. Phelista aliuliza swali moja tu: jogoo huyo huwika saa ngapi? Sifuna alikuwa ameandika: saa kumi na moja kasorobo. Hapo Bi. Phelista akaitoa barua ya kustaafu iliyokaa kwenye droo tangu Desemba, akatia sahihi. Sote tulishusha pumzi, yeye wa kwanza.

Asante, Bi. Phelista. Nenda Sirisia ukaipumzishe miguu hiyo. Tunakutakia maisha mema, na chakula kikufikie kikiwa moto.