Mama Barafu, Aliyetengeneza Protini za Binadamu

Mpendwa dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mwoka mikate. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maswali. Siku moja alichukua donge la unga wa Mama lililotiwa hamira, akaligawa, nusu akaiweka juani na nusu juu ya barafu, akakaa kuzitazama. Mama alipomuuliza anafanya nini, alijibu, "Nataka kujua ni nani anayepuliza humo ndani." Jioni hiyo tulikula mkate mgumu kama kandambili, na yeye ndiye aliyeufurahia.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni, akamaliza sekondari mwaka 1987, kisha akasomea baiokemia chuo kikuu. Mwaka 1994 aliajiriwa katika maabara ya utafiti, akadumu huko.

Sisi wadogo zake ilituchukua muda kuielewa kazi yake. Alikuwa akichukua maelekezo ambayo mwili wa mtu huyatumia kutengeneza protini fulani, akayapandikiza ndani ya bakteria, nao bakteria wakaitengeneza protini hiyo kama ya kwao. Kisha aliwapasua, akaisafisha protini, akaigawa kwenye vichupa vidogo na kuigandisha, ili watafiti wachunguze inavyofanya kazi. Mama, ambaye hakosi ibada, alishtuka.

"Unatengeneza vitu vya watu ndani ya vijidudu? Na Mungu ana habari?"

"Maelekezo kaandika yeye, Mama. Mimi nanakili tu."

Mama hakuridhika. Kwa miaka mingi alisali binti yake apate kazi nyingine.

Wenzake walimwita Mama Barafu kwa kuwa hakutembea bila ndoo ya barafu. Protini hudeka: joto huiharibu, kuigandisha na kuiyeyusha kila mara huiharibu, kuitikisa vilevile. Karibu kila mfanyakazi mgeni alikitikisa kichupa, kama tufanyavyo sote kwa chupa ya dawa. "Taratibu," alimwambia. "Hiyo si dawa ya kikohozi. Ukiona povu, jua umeshaiharibu."

Mwaka 1997 friza ya maabara iligoma, akaitwa fundi. "Fungua, chungulia, funga," dada alimwamuru. "Humo kuna vitu vya watu." Fundi akarudi nyuma. "Watu gani?" Ilibidi aelezwe mpaka friza ikapona. Wiki iliyofuata alirudi na swali ambalo halikuihusu friza. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa kazi. Hapo ndipo tulipojua kwamba protini aliyoitengeneza zaidi ni ile ambayo figo huitoa ili mwili utengeneze damu. Hospitali ilikuwa ikimchoma sindano ya protini hiyo hiyo, iliyoandaliwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka uliofuata sindano hizo ziliadimika, na dada akawa hainuki bila kushikwa. Mama, yule yule, akamsogelea kitandani.

"Mwanangu, si unazo zako kwenye friza? Mwambie mumeo alete kichupa kimoja."

"Zile si za kumchoma mtu, Mama. Zina masalia ya bakteria, zinaweza kuniua. Nilizitengeneza ziulizwe maswali."

"Na wewe je?"

"Mimi niachie Mungu na bohari ya dawa."

Tulisali, tukasubiri. Dawa ilipofika, muuguzi kijana alikiinua kichupa, mkono tayari kukitikisa. Mama akamshika kiwiko. "Taratibu, mwanangu. Ukiona povu, jua umeshaiharibu." Dada alimtazama Mama, akacheka hadi machozi. Tangu siku hiyo Mama aliiombea ile maabara, pamoja na friza yake.

Dada alipata nguvu, akarudi kazini kwa muda na ndoo yake. Moyo wake ulisimama asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mumewe na Mama wakiwa kando yake.

Ameacha mama mzazi, mume, binti ambaye ni mwalimu, mwana anayefuata ufundi wa baba yake, mjukuu mmoja, na sisi wadogo zake watatu. Mwenye maelekezo amemwita. Tunaamini sasa anamuuliza yeye mwenyewe, ana kwa ana, ni nani anayepuliza humo ndani. Na apumzike huko kwa amani, jibu lake akiwa nalo.