Mama Célestine na Vitunguu Vilivyoliwa na Enspekta

Tangu septemba 1994 mpaka tarehe 2 julai 2025, Mama Célestine ametunza labo ya shule yetu ya sekondari, lisée, hapa Kasongo. Miaka makumi tatu na moja! Mimi Yassine, mulinzi wa mulango, nimeombwa kuandika maneno haya ya kumuaga, kwa sababu kazi yake naijua kuliko maprofesa.

Labo iko na mikroskopi moja tu, ya kioo cha chini chenye kukamata jua. Kwa hiyo amewaonyesha watoto elfu sita seli za kitunguu, zimepangana kama matofali, kila moja na kiini chake. Mimi niliona hata mitokondria: kubwa, nyeusi, imepinda. Mama alisema ni kope langu. Anapenda muzaha.

Mwaka 2019 enspekta alifika kutoka Kindu: asipoona seli ikigawanyika, seksyo ya biolojia inafungwa, na wanafunzi kumi na mmoja wanarudi shambani. Siku tatu Mama alikuwa ameotesha vitunguu vitano juu ya chupa, mizizi ikigusa maji. Lakini kwetu mugeni hafanyi kazi na njaa. Papa Joël, mupishi, alikosa vitunguu, akaona vile vya labo vimenona, akavipika na samaki wa Nyangwe. Enspekta alikula, akaomba tena.

Mama alipokuta chupa tupu hakupiga kelele. “Papa Joël, chakula ni chako, maganda ni yangu.” Akachokoa takataka, akapata mizizi, akakata ncha zake, akazilainisha na siki, akazipaka dawa ya violeti ya dispensaire, akaziminya chini ya kioo kwa kidole gumba.

Mara mvua, jua hakuna! Hapo nikaingia mimi na pikipiki yangu mpaka ndani ya labo, taa ikamulika kioo, injini ikinguruma. Enspekta alikohoa moshi dakika ishirini, jicho halikutoka kwenye mikroskopi. “Kiini kimegawanyika! Nyuzi nusu huku, nusu kule! Kitunguu hiki mumekitoa wapi?” Kwa heshima nilimwonyesha tumbo lake.

Akacheka mpaka akakaa chini, akaandika: seksyo inabaki. Sarah-Grâce, mumoja wa wale kumi na mmoja, alimaliza masomo, na leo ndiye anapokea ufunguo wa labo.

Aksanti sana, Mama. Rudi kwenu Lusangi na afya, ulale mpaka jua lipande, na maisha mema yakukute ukiwa umekaa.