Kidole cha Sita na Uzi wa Mita Mbili

Pale Mtendeni, nyuma kidogo ya soko, kuna benchi la mninga lenye miguu mitatu na tofali moja. Mwenye benchi ni Sabiri muuza kahawa, lakini mwenye maneno ni yeyote atakayewahi kukaa. Saa kumi jioni jua la Tabora huwa limelegea, vumbi linaning'inia barabarani bila haraka, harufu ya buni na tangawizi inapanda taratibu, na mtu mzima mwenye akili zake anaweza kusinzia macho wazi asichekwe na mtu. Siku hiyo Damas alikaa ukingoni kabisa mwa benchi. Mtendeni yote inamwita Belo, kwa kuwa amefungua mabelo ya mitumba tangu ndevu hazijamwota. Mfukoni alikuwa na uzi mweusi wa cherehani aliotumwa na mkewe, Apolinaria.

Uzi wenyewe haukuwa wa kushonea. Binti yao Julieth alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kulia kwa nguvu kama anadai haki yake. Ila mkono wake wa kulia, pembeni ya kidole cha mwisho, palikuwa na kingine kidogo, laini, kisicho na mfupa. Habari ilipofika Choma kwa wakwe, baba mdogo wa Anton, mumewe Julieth, alipiga simu na kusema kwa ufupi: ukoo wetu hauna vidole sita. Tutatuma mtu atazame Jumapili, jina lisubiri. Na kwa desturi ya watu wale jina hutoka upande wa baba, kwa hiyo mtoto akabaki bila jina, anaitwa nanihii. Apolinaria akaona dawa ni kukifunga kidole uzi leo leo, hadi Jumapili kiwe kimenyauka, huyo mtazamaji asikute cha kutazama.

Damas alinunua uzi, lakini miguu ikamleta kijiweni. Alikuwa anaona aibu, na alikuwa anaona aibu kwa kule kuona aibu. Alidhani hakuna anayejua. Kumbe kijiweni hakuna siri, kuna adabu tu. Watu wanajua, wanakaa kimya, wanatafuta pa kupitia.

Aliyepata pa kupitia ni Sixbert, yule wanayemwita Bando, kwa sababu nyumbani kwake unga unaweza kuisha lakini si bando la simu.

— Wazee, mnajua ndani ya mwili wa mtu kuna uzi? aliuliza, macho kwenye simu.

— Wa kushonea nini? akajibu Ezekia. Huyu ni Reli, aliyestaafu kazi ya kugeuza njia za treni pale stesheni, na mpaka leo hakuna jambo asilolipeleka relini.

— Uzi wa vinasaba, Reli. Kila seli, kitu kidogo hata jicho halikioni, ndani yake kuna uzi wa mita mbili.

— Mita mbili ndani ya kitu kisichoonekana? Ebwana, leo bando limeisha, sasa unatumia kichwa chako mwenyewe.

Sabiri akacheka hadi akamwaga kahawa kidogo kwenye makaa.

— Umekunjwa! Bando akapandisha sauti. Mambo yote ni kukunjwa. Zamani walidhani umesokomezwa tu kama soksi kwenye begi. Siku hizi wamepata namna ya kujua kipande kipi kinagusa kipi, wakakuta una mpango wake. Kuna vipete vinaushika, vinauvuta, unatoka vitanzi vitanzi. Uzi pamoja na vishikio vyake ndiyo wanaita kromatini.

— Hilo ni jina la dawa ya minyoo, alisema Sabiri.

— Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, Reli akatoa hukumu.

— Reli, hiyo ni kwa ajili ya kulea watoto.

— Na mtoto ametengenezwa na nini? Si na hizo seli zako? Basi wahenga walishajua, ila hawakuwa na simu.

Damas aligeuza kichwa. Habari za wanasayansi hazimhusu, lakini kukunja ni kazi yake.

— Nguo iliyo ndani ya mkunjo hainunuliwi, alisema polepole. Inaweza kuwa nzuri kuliko zote, lakini kama haikutokeza, mteja anapita.

— Hapo hapo, Belo! Bando nusura aangushe simu. Seli ya jicho na seli ya ini zina uzi uleule, maandishi yaleyale. Tofauti ni nini kimekunjwa ndani na nini kimeachwa juu kisomwe.

 Babu wa babu yake Damas alibeba vitambaa kutoka pwani hadi Kwihara, hapo jirani na Tabora, na nyumbani kwao inasimuliwa kuwa alijua kukunja hata mzigo wa watu wawili ukakaa kwenye bega lake moja. Damas akaitazama barabara. Katika lile jua lililolegea akaiona yote, kutoka baharini, nyembamba na ndefu, wapagazi wamejipanga juu yake. Kisha mtu fulani asiyeonekana akaishika katikati na kuivuta, ikainuka kitanzi, na Bagamoyo ikaja kukaa karibu na Kwihara kimya kimya, wapagazi wakasalimiana bila kushangaa.

— Sasa sikieni hii, Bando aliendelea, na sauti yake ikapungua. Sehemu inayouambia mkono uote vidole ina swichi yake. Lakini swichi haiko hapo. Iko mbali, herufi laki kadhaa huko, hata milioni.

— Kama mtu wa Kigoma kuwasha taa ya Dodoma, alisema Reli.

— Ndiyo. Ila uzi ukikunjwa, Kigoma na Dodoma zinasogeleana. Swichi inafika jirani na taa.

— Na mwenye zamu akisinzia? Treni si inaingia njia isiyo yake?

— Ndiyo hivyo. Herufi moja ya swichi ikibadilika, taa inawaka hadi mahali isipotakiwa. Mkono unapata...

Bando akakatisha. Sabiri akajifanya anapuliza makaa.

— Unapata nini? aliuliza Damas.

— Kidole cha ziada, Belo. Si laana, si mkosi, wala si kwamba mtu katoka nje ya ndoa. Mara nyingine kinarithiwa, mara nyingine kinaanza tu chenyewe.

Hakuna aliyemtazama, na kwa kule kutotazamwa Damas akajua kuwa wote wanajua. 

— Ni mtoto wa Julieth, alisema. Mkono wa kulia. Na huko Choma wanasema si damu yao.

Basi kijiwe kikafanya kile kinachojua kufanya mtu akiumia, yaani kusema ovyo kwa mapenzi.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Reli. Huyo kapewa cha akiba. Tatizo liko wapi?

— Mimi naona hivi, alisema Sabiri. Watu wangapi wamelala Tabora hii? Wa pwani, Wamanyema, Waarabu, Waganda, na wenyewe Wanyamwezi waliowabebea wote hao mizigo. Kila aliyelala kaacha uzi wake kidogo, umekunjwa ndani yetu. Hicho kidole ni cha mpagazi mmoja. Kachoka na giza la mkunjo, kaamua kuchungulia.

— Na kwa nini achungulie kwa Belo?

— Kasikia belo linafunguliwa.

— Nyie mnaongelea mwili, Reli akawapiku. Mimi nasema hata nchi imekunjwa. Kuna pete mahali inaivuta hii barabara. Ndiyo maana ukisinzia kwenye treni unafika upesi. Umepita kwenye mkunjo.

Damas alitabasamu kidogo. Bila kujua alikuwa ametoa uzi mfukoni na kuuzungusha kwenye kidole chake cha mwisho, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ncha ikaanza kuwa baridi. Akaifikiria Choma, basi na vumbi, Nzega, Igunga, na bado unaendelea. Akawaza, kama kweli kuna pete, na ivute basi. Iniletee mmoja wao hapa nimwulize usoni.

— Mwadila, wazee.

Aliyesalimia hivyo kwa lugha ya kwao alikuwa mzee mrefu, koti limepauka kwa jua, fimbo ya mchungaji mkononi.

— Mwadila mhola, Reli alimjibu.

— Naitwa Gerson. Natoka Choma, huko Igunga. Nimeelekezwa nyumba ya mzee Damas, baba yake Julieth.

Jina hilo Damas alilijua kwa kusikia. Baba mzazi wa Anton! Hawakuwahi kuonana, kwani wakati wa mahari Gerson alikuwa mbali amefuata malisho, mambo yakasimamiwa na ndugu zake. Na leo hata si Jumapili.

Sabiri akamsoma Damas usoni, akaona mtu anahitaji muda.

— Utafika, mzee wangu. Kaa kwanza, kahawa ya Tabora hairukwi.

Mzee akakaa hapohapo ubavuni mwa Damas, benchi lenyewe fupi. Bando ndiye asiyeweza kuzuia ulimi.

— Mzee, samahani. Kwenu Choma kuna watu wa vidole sita?

— Hakuna.

— Hata mmoja?

— Wanaozaliwa navyo wapo. Walio navyo hakuna, alisema Gerson, akapokea kikombe. Wakunga wetu wanakifunga unywele wa mkia wa ng'ombe siku ileile. Mwanamume anaruhusiwa kumwona mtoto baadaye, kimeshadondoka. Wanawake hawasemi, sisi hatuulizi. Ukoo mzima wa wanaume tunaapa kuwa hatuna, na wala hatusemi uongo, hatujawahi kukiona.

— Sasa wewe umejuaje? aliuliza Reli.

— Mdogo wangu alipopiga simu kuwakatalia wakwe, mke wangu alikuwa anakamua. Akaacha ndoo, akanishika mkono, akasema: jitazame, halafu panda basi.

Akakihamisha kikombe na kuunyoosha mkono wa kulia juani. Pembeni ya kidole cha mwisho palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya mtama. Damas alikitazama, machozi yakamjaa bila kumwomba ruhusa, hakuyafuta.

— Nimekuwa nacho maisha yangu yote, alisema Gerson. Nilidhani ni sugu ya fimbo.

Akanywa kahawa yake hadi mwisho, akaweka kikombe, akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyechelewa msibani.

— Nimetoka nyumbani kwa haraka, hata hawakuniambia. Mjukuu wangu anaitwa nani?

 Kijiwe chenye majibu ya mvua, bei ya tumbaku na siri za seli kikaangalia chini. Bando akazima simu. Reli akakohoa. Sabiri akainamisha birika likatoa tone moja na machicha, akaliacha hivyohivyo.

Damas akafungua uzi kidoleni. Damu ikarudi, ikawasha. Uzi akauacha juu ya benchi.

— Jina lilikuwa linakusubiri wewe, mkwe, alisema. Mimi ndiye Damas. Twende.

Wakaondoka wameshikana mikono kama vijana, na Damas njia nzima akawa anakisikia kile kinundu kwenye kiganja chake.