Hesbon Ogweno Randiga, Beki wa Barafuni

1989–2026

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumuaga hapa Dubai kabla hajasafirishwa usiku huu: mimi ni Caren, kitinda mimba wa kwao. Kamati ilinipa wasifu ulioandikwa tayari, ikaniomba niusome tu. Ndani yake kaka yangu ni "mlinzi mwaminifu aliyefariki kutokana na baridi ya barafu." Nimeuweka kando. Hesbon alikuwa mchezaji wa kulipwa wa magongo ya barafuni, na barafu haikumuua. Mwenye kukasirika atanisubiri nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Sondu, Kaunti ya Kisumu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elkana Randiga na Mama Peres Atieno. Mama husema alizaliwa mkubwa, na tangu aanze kutambaa hakuwa mtu wa kusukumwa. Sisi wadogo tulitembea nyuma yake tukienda mtoni, na hata mbwa wa jirani walishajua wasitubwekee.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Sondu, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007. Hisabati ilimkataa, naye akaikataa. Lakini kwenye uwanja wa magongo, ule wa nyasi na vumbi, alikuwa beki, na mwalimu wa michezo alikuwa akimwambia, "Randiga, punguza. Hao ni watoto wa watu." Mwaka 2009 alipata kibarua Nairobi, katika hoteli moja yenye kiwanja kidogo cha barafu. Aliajiriwa kufagia. Wageni wakishaondoka alivaa viatu vya kuteleza vya kukodisha, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka akajua.

Alifika Dubai tarehe 3 Septemba 2013 kama mlinzi katika jumba moja la maduka, akiishi kwenye nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park. Niseme wazi, kwa kuwa nusu yenu mliokaa hapa mmevaa hiyo yunifomu: ulinzi ni kazi ya heshima. Aliifanya miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Zamu yake ilikuwa kando ya kiwanja cha barafu. Jioni moja timu ya Shamal ilipungukiwa na mtu, na nahodha wao, Thuwein, aliyezaliwa hapa hapa katika familia ya Kizanzibari, akamsikia akiongea Kiswahili kwenye simu.

"We bwana mlinzi," akamwita, "kuteleza wajua?"

"Kusimama najua," Hesbon akamjibu. "Na nikisimama hapiti mtu."

Thuwein yuko hapa leo. Anasema dakika chache baadaye mshambuliaji wa upande wa pili alikuwa chali kwenye barafu akiuliza huyu ametoka wapi.

Mwaka 2016 Bwana Mubin, mwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor na ndiye mwenye timu, alimchukua rasmi. Akawa kafeel wake, yaani mdhamini wa kibali chake, na kazi iliyoandikwa kwenye kitambulisho chake cha ukaazi ikawa mchezaji. Baba mdogo Clifford, mwenyekiti wa kamati hii, alimpigia simu akamwambia, "Umeacha kazi ya kampuni uende ukacheze na barafu? Mtu mzima na akili zako?" Hesbon akamjibu, "Baba mdogo, njoo uone kwanza, halafu unitukane." Baba mdogo hakwenda. Misimu minane, hakwenda hata siku moja. Nayasema akiwa ameketi hapa mbele, na ananisikia.

Ilikuwa timu ndogo, ndiyo. Ligi ndogo, walicheza katika bohari, na mashabiki wengine walikuja kupoza joto tu. Na bado walimlipa acheze, na alilisha watu kwa mchezo huo, mimi nikiwa mmoja wao nilipofika hapa, mtaa wa Rashidiya, kutafuta kazi. Alivunjwa pua mara mbili. Meno mawili ya mbele aliyaacha huko. Kazi yake haikuwa kufunga. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayewaumiza wadogo wa timu. Maishani mwake mote alifunga bao moja tu, tena kwa bahati, mpira ule bapa ulimgonga mguuni ukaingia wenyewe. Alilishangilia bao hilo mpaka mwamuzi akamfuata akimwambia, "Khalas, habibi, khalas!"

Tarehe 7 Julai 2018 alifunga ndoa na Virginia Nyambura, mhudumu wa hoteli, hapa hapa Dubai. Wanashamal walisimama mistari miwili mlangoni, wameinua magongo juu, maharusi wakapita chini yake. Mungu aliwajalia Lenny na Peres mdogo.

Sasa niwachekeshe kidogo, maana mwenyewe angetaka. Mwaka 2017 mtu alimtumia Mama video ya mechi. Katika mchezo huu ukikosea unakalishwa kwenye kibanda cha vioo mpaka muda wako uishe, na kuna mtu wa kufungua mlango. Mama akamwona mwanawe ndani ya vioo, kainamisha kichwa, kando kuna mzee kashika komeo. Sondu nzima ilisikia nduru. "Wamemfunga! Waarabu wamemfungia Ogweno wangu!" Akina mama wa kanisa wakafunga na kuomba. Pasta akatangaza. Hesbon alipopiga simu alikuta watu wamejaa uani.

"Mama, ni dakika mbili tu," akamwambia.

"Dakika mbili? Umeua nani?"

"Nilimgonga mtu. Alimpiga mdogo wetu mgongoni."

Mama akasema, "Basi kaa humo. Lakini huyo wa mlango akupe chai."

Tangu siku ile hakumuuliza tena kama ameshinda. Aliuliza, "Leo umefungwa?" Akisema ndiyo, Mama alicheka mpaka simu ikakatika.

Mwezi Novemba 2024 alianza kuchoka ovyo na kutokwa na damu puani bila kuguswa na mtu. Vipimo vilionyesha saratani ya damu. Virginia alimuuliza daktari, Dkt. Hind, uso kwa uso: hii imeletwa na baridi? Daktari akasema hapana, ingempata hata angekuwa muuza maua. Nilikuwa nimekaa pale pale. Kwa hiyo mnaomnong'oneza Mama kwenye simu kwamba barafu imemla mwanawe, mkome. Mlimfanya mama mzima aape kwamba mwanawe hatazikwa na jezi ya timu. Mlimfanya ajilaumu kwa nini hakumkataza. Amkataze nini? Kitu pekee alichokipenda?

Alipigana mwaka mmoja na zaidi. Wiki ya mwisho aliniambia, "Caren, wewe ndiye utakayesoma. Wakiniandika mlinzi nitainuka kwenye sanduku." Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Sinyamazi." Aliaga dunia Jumapili tarehe 8 Februari 2026, alfajiri, Virginia akiwa amemshika mkono. Atazikwa Sondu Jumamosi tarehe 21.

Ameacha mama yake mzazi, Mama Peres, mjane wake Virginia, watoto wake Lenny na Peres mdogo, ndugu wanne, baba mdogo Clifford, ambaye ni damu yetu na tutapatana naye, na Wanashamal wote.

Limebaki neno moja. Katika mchezo huu mwenzao akiondoka, wachezaji hugonga magongo chini, wote pamoja. Ndiyo heshima yao kubwa. Kamati ilisema magongo yabaki kwenye basi, eti msibani si pa kuleta fujo. Fujo! Kwetu mzee akifa wanaume walitoka na rungu na mikuki kukifukuza kifo, na hakuna aliyewaambia waache silaha nyumbani. Hawa vijana wanaosubiri hapo nje hawawezi kusafiri hadi Sondu. Wasipogonga leo, hawatagonga kamwe.

Kwa hiyo Jumatano nilimpigia Mama, nikamsomea karatasi hii yote kama nilivyowasomea ninyi, pamoja na alichosema daktari. Alilia sana. Akanifanya nirudie pale pa kibanda cha vioo. Halafu akasema, na ninamnukuu ili asije mtu akasema ni maneno yangu: "Kumbe si barafu. Basi mvalisheni jezi yake. Na mwambie Clifford afungue mlango, hao vijana waingie na magongo yao. Mwanangu amekaa humo vya kutosha."

Baba mdogo, umesikia. Mlango uko nyuma yako.

Hesbon Ogweno Randiga, beki, mchezaji wa kulipwa: pumzika kwa amani, kaka. Wanashamal, yalla, gongeni.