Sare ya Mwisho ya Bi Mwanasiti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mwanasiti Mrisho Mbonde, muuguzi mkunga wa kituo chetu cha afya, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Hadija wa dirisha la dawa, heshima ya kuandika wasifu wake na kuwasomea leo, na imenisisitizia mambo mawili: niandike kwa ufupi, na nisiguse habari ya gauni. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Bi Mwanasiti ni mzaliwa wa vilima vya Umatumbi. Mwaka 1989, daraja likiwa bado halijajengwa, alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu akiwa na sanduku la bati na viatu vipya vinavyombana. Kituo chake cha kwanza kilikuwa zahanati ndogo kule delta, upande wa Salale, ambako barabara ni maji. Alipofika alikabidhiwa sare nyeupe za pamba zilizoachwa na muuguzi aliyehama, mwanamke mrefu mwenye kifua kipana. Bi Mwanasiti, ambaye hata leo akisimama mbele ya dirisha langu namwona kuanzia nyusi kwenda juu, alizivaa hivyo hivyo. Alikunja mikono, akafunga mshipi, akaanza kazi.

Kazi ya delta ni kazi ya mabega. Kila alipokwenda kliniki ya mkoba, ile inayowafuata akina mama vijijini, boksi la chanjo lilining'inia bega la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa wa kushikia boti, na boti ikikwama, wa kupandishia nguo akatembee kwenye tope. Hakuna chanjo iliyomharibikia njiani, na hilo akina mama wa vijiji vile wanalisema bila kuulizwa. Kuna mtoto alimzalisha ndani ya boti iliyokwama maji yakiwa yamekupwa, akapewa jina la Mwanasiti, ingawa baba mtu alishamwahidi mama yake mzazi kwamba jina ni lake. Tunaambiwa ugomvi huo wa kifamilia haujaisha. Na bega lile la kushoto, baada ya miaka ya boksi, lilishuka na halikupanda tena.

Baadaye alisomea ukunga, akahamishiwa hapa Kibiti, akakabidhiwa wodi ya wazazi. Vijana wengi waliopita mikononi mwake wanakumbuka jambo moja: kwenye wodi yake hakuna ruhusa ya kumfokea mama mwenye uchungu. Ukifoka, unatolewa nje ukapoe, hata kama una vyeo. Mganga mmoja aliyewahi kutolewa nje alirudi akaomba radhi kwa mzazi, na mpaka leo ni rafiki mkubwa wa Bi Mwanasiti.

Sasa tuje kwenye nguo, maana bila nguo wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Alipokuwa na miaka hamsini na miwili alifiwa na mumewe. Eda ilipokwisha, alifungua kabati lake atafute nguo ya kutokea tena mjini, akasimama pale kwa muda. Mlikuwa na sare za kazini. Mlikuwa na vitenge vya sare za harusi za watu, madera ya zawadi, mabaibui aliyoletewa, na gauni la harusi yake mwenyewe ambalo shangazi zake walilichagua bila kumuuliza. Alikuja kutusimulia wakati wa chai, hacheki. "Nikifa leo," alisema, "mtagawana nguo za watu."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa fundi Mfaume pale sokoni Kibiti, akamwambia hakuja kushonewa, amekuja kufundishwa. Mfaume alidhani ni utani. Alipoona mama hatoki, akampa kazi ya kufumua nguo za wateja zilizokosewa, akiamini atachoka kabla ya Ramadhani. Alifumua mpaka Ramadhani, akafumua na baada yake. Mfaume aliishiwa nguo za kufumua, ikabidi amkalishe kwenye cherehani.

Gauni lake la kwanza lilikuwa la kitenge chenye picha za ndege, na alikikata kitambaa juu chini. Ndege wote wakawa vichwa chini miguu juu. Mtu mwingine angelifanya dekio. Yeye alilivaa, akapita nalo soko zima, na aliyeuliza akajibiwa kwamba hao si ndege, ni popo. Tangu siku hiyo kitenge kile hapa Kibiti kinaitwa popo, na juzi nimesikia muuza duka akikinadi kwa jina hilo.

Alishona kwa ukaidi. Kwenye safari za kliniki ya mkoba kule Salale, wenzake wakisubiri maji yajae kwa kulala au kulalamika, yeye alikuwa akitia matundu ya vifungo kwa mkono. Futi ya ushonaji ilikuwa haimtoki shingoni, hadi mama mmoja mjamzito aliyekuja kupimwa akauliza kama anapimiwa mtoto au anapimiwa gauni. Aliharibu vitambaa vingi. Lakini jambo moja aliligundua ambalo mafundi wote waliomshonea maisha yake hawakuligundua, au waliligundua wakanyamaza kwa heshima: nguo zilikuwa zinamwanguka upande wa kushoto kwa sababu zilikatwa kwa mwanamke mwenye mabega sawa. Mafundi walikuwa wakijaza sponji upande huo ili waufiche. Yeye alichora bega lake lilivyo, akakata lilivyo, na gauni likatulia.

Kuanzia hapo akawa na mtindo wake, na mtu akimwona kwa nyuma anamtaja jina. Rangi ya manjano iliyoiva ya haradali, ambayo walisema ni ya wasichana. Mikono mipana hadi kiganjani. Kilemba kinachofunika kila kinachotakiwa kufunikwa na bado kinasimama. Na mifuko, mifuko miwili mikubwa kwa kila gauni, kwa sababu anasema mwanamke wa umri wake ana funguo, miwani, simu na tasbihi, na hana mkono wa tatu. Maneno hayakukosekana. Wapo waliosema anatafuta mume. Binti yake Hafsa, anayeishi Dar es Salaam na anayempenda sana mama yake, alimletea baibui jeusi la gharama akamwomba avae nguo za umri wake. Bi Mwanasiti alilipokea, akamshukuru, akalitia mifuko.

Wanawake walipoanza kumpelekea vitambaa awashonee, alikataa wote. Jibu lake ni moja mpaka leo: njoo nikufundishe, kukushonea sikushonei. Mimi ni mmoja wa waliokwenda, na blauzi niliyovaa leo ndani ya sare hii nimeishona mwenyewe. Msiitazame sana kwenye kwapa.

Sasa hilo nililokatazwa. Mwezi wa nne kamati ilikaa na watumishi wote. Katibu wetu ni Bashiru wa maabara, kijana mchapakazi anayependa mambo yanyooke. Aliamua, na wengi tulimuunga mkono, kwamba watumishi wote pamoja na mstaafu tuvae sare ya kitenge cha bluu chenye maua meupe, kwa fundi mmoja, kwa saizi tatu. Alikuwa na sababu: sherehe iliyopita kila mtu alivaa lake, na picha iliyotundikwa ofisini ni ya watu waliokutana njiani. Kwa hiyo akaongeza kanuni: asiyevaa sare hatakaa meza kuu.

Bi Mwanasiti alinyoosha mkono. "Bashiru mwanangu, nimevaa sare miaka thelathini na sita. Siku mnayonivua hiyo, mnanivalisha nyingine?"

Bashiru alijibu kwa adabu kwamba kanuni ni ya wote, na akimwachia mmoja ataombwa na kila mtu. Alikuwa sahihi pia, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

"Basi nitakaa jikoni na wapishi," Bi Mwanasiti akasema. "Lakini nitakaa na nguo yangu."

Tulidhani ni hasira itapoa. Haikupoa, kwa sababu haikuwa hasira. Mfaume alijitolea kumkatia kitenge cha bluu kwa bega lake, akashukuriwa. Hafsa alipiga simu, akaambiwa asalimie wajukuu. Sherehe ilikuwa inakaribia na mwenye sherehe hana kiti, naye nyumbani kwake anakata kitambaa. Niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa kwamba mtu aliyepokea nusu ya watoto wa wilaya hii tutamuaga akiwa upande wa masufuria.

Alichokuwa anakata alikuwa amekitoa kwenye sanduku lile la bati. Zilikuwa sare zake nyeupe, zote, tangu zile za yule muuguzi mrefu. Alizichemsha na magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, yale ambayo wazee wa delta walitilia nyavu rangi (watu wa misitu msishtuke, ni maganda ya boriti za zamani). Mara ya kwanza ziliharibika. Za tetroni, zile za miaka ya baadaye zisizo za pamba, ziligoma rangi kabisa, zikatoka na mabaka ya ukuta uliovuja. Alipanda boti akarudi Salale kuwauliza akina mama wanaotia rangi ukindu wa mikeka, wakamwambia aloweke kutwa nzima kabla ya kuchemsha, na arudie. Alirudia mpaka zile za pamba zikakubali, zikawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Za tetroni akazifanya kola na bitana ya mifuko.

Wiki iliyopita alikuja kwenye kikao cha mwisho akiwa amelivaa gauni lenyewe, akasema amekuja ili wapishi wamzoee. Bashiru alisimama na ratiba mkononi. Alilitazama gauni, halafu macho yake yakaganda kifuani, kwenye mfuko mdogo wa kalamu ulioachwa makusudi, wenye doa la wino wa bluu ambalo mkandaa haukuweza kulifunika.

"Mama," alisema polepole, "hii si sare ya kazini?"

"Ni sare, mwanangu. Ila sasa imenikaa."

Bashiru alisoma tena karatasi yake, akakaa. Kisha akasema kanuni haikutaja ni sare ipi. Hakuna aliyepinga, na mimi nilitoka nje nikajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Kwa hiyo, wageni wetu, mkiigeuza ratiba mliyopewa mtaona kifungu cha sare kipo pale pale, hakijafutwa. Meza kuu wote wamevaa sare. Sisi wengine ni wa bluu, na picha itakuwa nzuri kama Bashiru alivyotaka. Aliye katikati, wa rangi ya chai, ndiye tunayemuaga.

Bi Mwanasiti, tunakushukuru kwa kila mama uliyemshika mkono na kwa kila njia ya tope uliyoipita kwa ajili yetu. Wodi itakuwa kubwa mno bila wewe, na sisi hatujui nani atatutoa nje tukapoe. Nenda ukashone. Tunakutakia afya, macho ya kutunga uzi, na maisha yatakayokukaa mabegani, yote mawili, kama yalivyo.